Kuchagua Nguo kwa Busara

Kibumba ni nchi ya baridi. Imekaa kaskazini ya Goma, kwenye barabara iendayo Rutshuru, chini ya milima ya Nyiragongo na Mikeno, na mara nyingi asubuhi ukungu huyafunika mashamba ya kabichi na viazi. Mahali kama hapo nguo si pambo tu. Mtoto asiye na sweta hutetemeka njiani kwenda shule, na mzee asiye na koti hukaa ndani mpaka jua lipande.

Kwa hiyo yampasa kila mtu kujua kununua nguo kama anavyojua kununua mbegu. Mkulima hanunui mbegu ya viazi pasipo kuigeuza mkononi, kuibonyeza na kuyatazama macho yake. Lakini mkulima huyohuyo, akifika penye nguo, hutazama rangi tu, hulipa, na kwenda zake. Baada ya miezi miwili nguo imekuwa tambara, naye yuko sokoni tena.

Somo hili lina neno moja: mtu aweza kuvaa vizuri, tena kwa namna impendezayo mwenyewe, bila kutapanya fedha na bila kuharibu ardhi na maji aliyotupa Mungu, iwapo anajua kuchagua, kurekebisha na kutunza.

1. Nguo na heshima ya mtu

Nguo ina kazi tatu. Kwanza, huukinga mwili na baridi, jua na mvua. Pili, huusitiri. Tatu, humtambulisha mtu: kwa nguo watu hujua kama mwenzao yuko katika msiba au arusi, kazini au sikukuu, na kila mtu ana rangi na mshono umpendezao kuliko mwingine. Kupenda kuvaa vizuri si dhambi wala si ujinga. Ajiheshimuye hujisafisha na kujipamba kwa kiasi.

Ubaya huanza pale nguo inapomtawala mtu. Mathalani, msichana mkatekumeni anamwambia mama yake: “Mama, siku ya ubatizo wenzangu wote watavaa nguo mpya za dukani. Mimi nikija na hii ya zamani, afadhali ningoje mwaka mwingine.” Mama anajibu: “Mwanangu, usiseme hivyo. Tutatafuta njia.” Na kwa kumhurumia anauza gunia la viazi lililowekwa kuwa mbegu. Nguo inanunuliwa, inang'aa siku moja, ikisha kufuliwa mara chache mishono inaachia. Msimu wa kupanda unapofika, shamba lipo, jembe lipo, mbegu hakuna. Je, familia hiyo itakula nini?

Labda mtu atauliza: Kanisa limemdai msichana huyo nguo mpya? Jibu ni hili: halikumdai. Katika ibada ya ubatizo mbatizwa huvikwa vazi jeupe, alama ya maisha mapya katika Kristo. Lakini upya unaotakiwa ni wa moyo, si wa kitambaa. Vazi hilo laweza kuwa limekwisha kuvaliwa na dada yake mwaka uliopita, ilimradi ni safi. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea Wakristo waliompa mahali pa heshima mtu aliyevaa vizuri na kumdharau maskini mwenye nguo chakavu. Basi aonaye haya kwa ajili ya nguo ya zamani iliyo safi, anaona haya pasipo sababu.

Watu wa Kibumba wamejifunza thamani ya nguo kwa uchungu. Mwaka 2022 vita viliwakimbiza wengi wao mpaka Kanyaruchinya, nao walichukua kile tu walichoweza kubeba. Huko, katika vibanda vya turubai, koti zito moja lilikuwa na faida kuliko nguo tatu za sherehe.

2. Gharama isiyotajwa sokoni

Bei atajayo mwuzaji ni sehemu tu ya gharama ya nguo. Sehemu nyingine imelipwa mbali, na watu wengine, kabla nguo haijafika.

Gharama ya kwanza ni maji. Pamba ni mmea upendao maji mengi, na kitambaa chake huhitaji maji tena wakati wa kutiwa rangi. Wataalamu hukadiria ya kuwa fulana moja ya pamba hutumia lita 2,700 hivi za maji, tangu shambani hata kumalizika kwake. Watu wa Kibumba waweza kuielewa hesabu hiyo kuliko wengine wengi, maana katika nchi yao mawe ya volkano huyanywa maji ya mvua, vijito ni haba, na mwenye kiu ya maji hutazama paa lake au hubeba bidoni mgongoni. Lita 2,700 ni bidoni 135 za lita 20. Bidoni 135 kwa fulana moja!

Katika Asia ya Kati, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, palikuwa na ziwa liitwalo Aral, lililokuwa la nne kwa ukubwa katika dunia. Tangu miaka ya 1960 maji ya mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, yaligeuzwa kwenda kumwagilia mashamba, hasa ya pamba. Ziwa likakauka sehemu kubwa. Mashua za wavuvi zikabaki juu ya mchanga.

Gharama ya pili ni jasho la watu. Wazee wa Kongo walikuwa na habari hiyo: sheria ya mwaka 1917 ya Serikali ya Wabelgiji ilianzisha kilimo cha lazima, na wakulima wa sehemu kama Uele na Maniema wakalimishwa pamba, watake wasitake. Na katika siku zetu, tarehe 24 Aprili 2013, jengo liitwalo Rana Plaza, lenye viwanda vya kushona nguo za kuuzwa ng'ambo, lilianguka huko Savar, karibu na Dhaka, katika nchi ya Bangladesh. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Siku iliyotangulia nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini. Nguo za bei ndogo sana zina mtu fulani aliyelipa ile bei iliyopunguzwa.

Gharama ya tatu ni takataka. Nguo nyingi za siku hizi si pamba wala sufu, bali ni poliesta, yaani nyuzi zitengenezwazo kwa mafuta ya petroli. Tambara la pamba likifukiwa shambani huoza na kuwa udongo. Tambara la poliesta hukaa miaka na miaka. Jembe hulifukua msimu baada ya msimu. Tena likichomwa hutoa moshi mbaya. Na wingi wa nguo umezidi: kati ya mwaka 2000 na 2015 idadi ya nguo zilizotengenezwa duniani iliongezeka karibu mara mbili, na watu wakawa wanazivaa mara chache zaidi kabla ya kuzitupa.

3. Safari ya mitumba

Je, nguo zitupwazo huko ng'ambo huenda wapi? Nyingi huja Afrika. Watu wa Ulaya, Marekani na Asia huzitoa; makampuni huzikusanya, huzitenga kwa aina na kwa ubora, huzibana kwa mashine kuwa robota, au baloti kama wasemavyo wauzaji, na kuzisafirisha kwa meli. Zile zijazo Goma hupitia mara nyingi bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha hupanda malori. Katika soko la Virunga mjini Goma robota hufunguliwa, nguo humwagwa juu ya turubai, na watu huinama kuzipekua. Huko Rwanda na Burundi mitumba huitwa “chagua”, neno la Kiswahili, kwa sababu ya kazi hiyo ya kupekua na kuteua. Jina lenyewe ni fundisho.

Mitumba ina faida. Nguo iliyokwisha kutengenezwa haidai maji mengine wala pamba nyingine. Na mara nyingi koti la zamani lililoshonwa vizuri hushinda jipya lililoshonwa kwa haraka, maana limekwisha kufuliwa mara nyingi na halikuachia.

Lakini ina hasara pia. Robota hununuliwa likiwa limefungwa, na mwuzaji hajui atakuta nini ndani. Zilizochakaa kabisa huwa hasara yake, kisha huwa takataka ya mji. Tena mafundi na viwanda vya Afrika vimepata taabu kushindana na bei yake. Kongo ilikuwa na viwanda vya nguo vyenye jina, kama Filtisaf ya Kalemie na Utexafrica ya Kinshasa, ambavyo viliacha kufuma, ingawa sababu zake hazikuwa mitumba peke yake. Mwaka 2016 Serikali ya Rwanda, ikitaka kukuza viwanda vyake, iliongeza ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuiondolea Rwanda ruhusa ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Wengine walisifu uamuzi wa Rwanda; wengine walisema ya kuwa maskini hana nguo nyingine ya bei aiwezayo, na ya kuwa wauzaji wengi hupata chakula kwa mitumba.

Pande zote mbili zina neno la kweli. Mnunuzi mwenye busara hutenda yote mawili: hununua mitumba iliyo imara, na humpa kazi fundi cherehani wa kijijini kwake.

4. Kanuni saba za sokoni

Kanuni ya kwanza: kufungua sanduku kabla ya kufungua mfuko. Yafaa mtu ahesabu nguo alizo nazo, aone ipi yakosekana kwa kweli. Wengi wana mashati matano ya sikukuu, wala hawana koti moja la mvua.

Kanuni ya pili: kuigeuza nguo ndani nje. Uso wa nguo husema uongo. Mgongo wake husema kweli. Mishono myembamba, iliyo sawasawa na isiyoachia ikivutwa kidogo, ni dalili njema. Sehemu za kukagua ni kwapa, ukosi, viwiko, magoti, na kati ya miguu ya suruali.

Kanuni ya tatu: kuinyanyua mbele ya mwanga. Kitambaa kilichokwisha kuliwa huonekana kama chujio, hata kama rangi yake bado ni nzuri.

Kanuni ya nne: kukijua kitambaa. Mwuzaji akikubali, uzi mmoja mdogo utolewe katika pindo la ndani na kuchomwa. Pamba huwaka upesi, hunukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu hunukia nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu. Kwa baridi ya Kibumba sufu na pamba nzito ni bora kuvaliwa karibu na mwili. Koti la poliesta lafaa juu yake kukinga upepo na manyunyu.

Kanuni ya tano: kupima. Pasipo mahali pa kujaribu suruali, kiuno chake kilichofungwa kifungo huzungushwa shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kubana wala kulegea, yaelekea itamfaa mtu huyo. Hicho ni kipimo cha kukisia tu. Nguo kubwa kidogo ni afadhali kuliko ndogo, maana fundi aweza kupunguza, lakini kuongeza ni kazi ngumu.

Kanuni ya sita: kugawanya bei kwa siku za kuvaa. Mathalani shati la faranga 6,000 linalovaliwa mara 20 kisha likapasuka, kila kuvaa kumegharimu faranga 300. Shati la faranga 15,000 linalovaliwa mara 150, kila kuvaa kumegharimu faranga 100 tu. La bei ndogo ndilo lililo ghali.

Kanuni ya saba: afya. Nguo za ndani zinunuliwe mpya; Tanzania imekataza hata kuingizwa kwa zile zilizokwisha kuvaliwa. Nguo nyingine ya mitumba isivaliwe siku ya kununuliwa. Ifuliwe kwanza kwa sabuni, kwa maji ya moto ikiwa kitambaa chavumilia, ianikwe juani, na kupigwa pasi, ili upele na chawa visihamie nyumbani.

5. Namna ya mtu mwenyewe

Wengi hudhani ya kuwa anunuaye kwa kiasi huvaa bila kupendeza, kama aliyeokota. Sivyo. Aliye na nguo chache zilizochaguliwa vizuri hupendeza kuliko aliye na rundo la nguo zisizopatana.

Siri ni kujijua. Kila mtu ana rangi mbili au tatu zinazomfaa, na mshono unaompendeza kwa jinsi alivyoumbwa. Akisha kuzijua, hapekui rundo zima. Macho yake huenda moja kwa moja penye chake. Akiona nguo, hujiuliza: Yapatana na nguo zangu tatu nyingine? Isipopatana na hata moja, huiacha, hata kama bei ni ndogo.

Vijana wa Kongo hupenda kuwatazama wasapeli wa Kinshasa na Brazzaville, ambao mwimbaji Papa Wemba, aliyefariki Abidjan mwaka 2016, aliwapa sifa kubwa. Kwao kuna la kujifunza na la kuacha. La kujifunza ni unadhifu wao, kuitunza nguo na viatu kwa miaka, na kanuni yao mashuhuri ya kutovaa rangi zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. La kuacha ni kukopa fedha na kulala njaa kwa ajili ya jina lililoandikwa ndani ya ukosi, ambalo hata hakuna alionaye.

Kwa akina mama, kitenge, ambacho wengi huku hukiita kikwembe, ni mali ya miaka mingi. Kampuni ya Vlisco huko Helmond, Uholanzi, yafanya kazi ya vitambaa tangu mwaka 1846, na vitambaa vyake vimeigwa mno. Kitambaa cha nta ya kweli kina rangi sawa pande zote mbili. Kilichopigwa chapa upande mmoja, mgongo wake umepauka. Kitenge kizuri chaweza kuwa vazi la mama leo, kesho sketi ya binti, na mwisho mbeleko ya mjukuu.

Na yule msichana wa mfano wetu? Kama mama yake angalipeleka nguo ile ya zamani kwa fundi, fundi angaliweza kushusha pindo, kubadili vifungo na kutia ukosi mpya mweupe. Ingalikuwa nguo yake, isiyofanana na ya mwingine yeyote, na gunia la mbegu lingalibaki mahali pake. Wahenga walisema: Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Na nguo ya deni ni nguo ya kuazima.

6. Kutunza na kurekebisha

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo ya nyumba ni ya nguo pia. Tundu dogo kama punje ya mtama hushonwa kwa dakika tano. Likiachwa mpaka liwe kama kiganja, nguo imekwisha. Katika kila nyumba inafaa ziwepo sindano mbili, uzi mweusi, uzi mweupe, na kikopo cha vifungo vilivyokatwa katika nguo zilizochakaa. Wavulana nao wafundishwe kushona kifungo.

Katika kufua, nguo igeuzwe ndani nje ili rangi isipauke. Matope makavu yakung'utwe kwanza, ndipo sabuni itiwe. Hivyo maji huokolewa. Maji ya kusuuza nguo safi yatumike kuloweka zile za shambani. Nguo za rangi zianikwe kivulini penye upepo. Kwa sababu ya unyevu wa Kibumba, nguo isikunjwe sandukuni kabla ya kukauka kabisa, isije ikaota ukungu. Nguo ya shamba na nguo ya sikukuu zitengwe: arudiye kutoka kanisani abadili kwanza kabla ya kushika jembe.

Na nguo isiyovaliwa tena? Iliyo nzima hupewa mwenye haja, tena kwa heshima, ikiwa imefuliwa na kushonwa. Mtu asimpe jirani kile ambacho yeye mwenyewe angeona haya kukivaa. Iliyochakaa huwa kiraka, mto, au kitambaa cha kupangusia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Je, nguo ina kazi gani? — Ina kazi tatu: kuukinga mwili, kuusitiri, na kumtambulisha mtu.

Je, ni kosa kupenda kuvaa vizuri? — Si kosa, ila mtu asitawaliwe na nguo wala asiingie deni kwa ajili yake.

Je, fulana moja ya pamba hutumia maji kiasi gani? — Hukadiriwa lita 2,700, yaani bidoni 135 za lita 20.

Je, nguo ipi ni ya bei ndogo kwa kweli? — Ni ile ambayo bei yake, ikigawanywa kwa siku za kuvaliwa, ni ndogo.

Je, mtu apataje namna yake mwenyewe ya kuvaa? — Kwa kujijua, kuchagua rangi chache zinazopatana, na kumtumia fundi kuirekebisha nguo imfae.

Kazi ya juma hili: kila mmoja afungue sanduku lake, atoe nguo moja iliyoachwa kwa sababu ya tundu, kifungo au pindo, na kuirudisha katika hali ya kuvaliwa kabla ya Dominika. Asiyejua kushona amwombe anayejua, naye alipe kwa kazi ya mkono shambani.